Usimwambie Mgonjwa Anong'one

Wiki iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi ya kliniki moja hapa Mwihoko, nikingoja kupimwa presha, nikamsikia kijana mmoja mwenye koti jeupe akimwambia mama muuza mboga aliyekaukwa na sauti, "Mama, ipumzishe hiyo sauti. Ukilazimika kusema, nong'ona tu." Presha ikanipanda hapo hapo, hata mashine haijanigusa. Nikagonga sakafu kwa mkongojo, nikauliza, "Wee kijana, nani alikufunza huo upuuzi?" Binti yangu aliyenileta akanivuta koti. "Baba, keti, watu wanatuangalia." Wacha waangalie! Mimi nilikuwa dresa mjini Thika kabla baba yake huyo kijana hajaota meno, na upuuzi huo huo, neno kwa neno, niliwahi kuusema kwa mdomo wangu mwenyewe. Ndiyo maana naukasirikia hivyo.

Basi nyinyi wenye makoti meupe, na nyinyi walimu, na nyinyi mnaohubiri kwa spika mpaka mabati yanalia, nisikilizeni. Sitaenda kwa mpango. Nitaanzia popote ninapokumbuka, na nikipotea njia mtanisubiri.

Dresa wa siku zetu aliosha vidonda, alichemsha sindano, alimshika mgonjwa asiruke, na daktari akishamaliza kupima, dresa ndiye aliyebaki akimweleza mgonjwa maagizo. Mimi nilifanya kazi kwa daktari Msikh, mtu mrefu, mpole mpaka umchokoze, ambaye watu wote wa soko la Thika walimwita Daktari Kilemba. Hakujali. Alisema jina refu linapoteza saa ya kazi.

Daktari Kilemba alikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona: kioo kidogo cha duara, upana wake kama senti tano ya shimo, kimefungwa kwenye mpini mrefu wa chuma. Mgonjwa anatoa ulimi nje, mimi naushika kwa kitambaa cha shashi, Daktari anaingiza kioo mpaka nyuma ya kinywa, anakiinamisha, na mwanga wa taa unashuka hadi kwenye koo lenyewe. Kisha anamwambia mgonjwa, "Sema eee." Hapo unaziona nyuzi za sauti, mbili, nyeupe, zikikutana katikati. Mara ya kwanza aliponiruhusu kuchungulia nilisema "Ngai!" kwa sauti kubwa nikauachilia ulimi wa watu.

Kioo kikiwa baridi, pumzi ya mgonjwa inakitia ukungu na huoni kitu. Kwa hivyo unakipasha moto juu ya taa ya spiriti, halafu unakijaribu nyuma ya mkono wako. Halafu unakijaribu! Mimi siku moja nilikuwa na haraka, nikakitazama tu kwa macho nikampa Daktari. Mgonjwa, kinyozi wa watu, akaruka kutoka kwenye kiti, akaipiga taa teke, na kwa siku mbili hakuweza kunywa chai. Tangu siku hiyo Daktari alisimama pembeni mpaka anione nimekigusisha mkononi. Alama ninayo mpaka leo. Na mhubiri mmoja aliniuma kidole gumba hadi damu, kisha akaniomba msamaha, akasema mwili ni dhaifu. Nikamwambia meno yake si dhaifu hata kidogo.

Niseme na hili nisije nikalisahau. Kulikuwa na mpiga debe wa mabasi ambaye alikaukwa na sauti akaona ni uchovu wa kazi. Akanunua peremende za koo, akanywa tangawizi, akangoja. Alipofika kwetu alikuwa amengoja karibu mwaka mzima na hata kumeza mate ni taabu. Daktari alitazama mara moja tu, akaandika barua ya Nairobi, na hatukumwona tena. Sauti ikikwaruza wiki tatu bila kupona, mtu atazamwe koo. Kama ana damu kwenye mate, au maumivu ya kumeza, au anavuta pumzi kwa shida, hizo wiki tatu asizingoje. Mnasikia? Mnampa peremende mtu ambaye hamjamtazama hata kidogo!

Lakini niliyetaka kuwasimulia ni Mwalimu Nyambura.

Alikuja na basi kutoka Ruiru, mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na kitu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alifundisha kwenye shule ya shamba moja la kahawa. Darasa la mabati, watoto sabini na zaidi, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mashine ya kumenya kahawa. Msimu ukifika, mashine inanguruma kutwa, na Nyambura anapiga kelele juu ya mashine. Tena mwalimu mkuu wake alikuwa na desturi yake. Alisimama kwenye mlingoti wa bendera, katikati ya uwanja, akatega sikio. Mwalimu asiyesikika mlingotini, kwake yeye, alikuwa amelala. Kazi ya watu inapimwa hivyo, kama kupima nani ana mapafu ya punda!

Miezi mitatu sauti yake ilikuwa imekwaruza. Alikuwa ameshakunywa mafuta ya taa kijiko kizima, ametafuna pilipili, amemeza mayai mabichi, na kila baada ya maneno mawili alijikohoza, "ahem, ahem," akidhani anasafisha njia. Mumewe, Kariuki, alikuwa kizuizini. Hii ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na hakuna aliyejua atarudi lini. Mshahara wa Nyambura ndio uliomlisha mtoto na mama mkwe. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia: muhula ukiisha bila sauti, kazi imekwisha.

Daktari alitazama akaniita nami nitazame. Kwenye kila uzi, katikati pale zinapogongana, kulikuwa na kinundu, kidogo, kama punje ya mchele iliyovunjika.

"Hii ni sugu," Daktari akamwambia Nyambura. "Ile ya kiganja cha mtu wa jembe. Wewe unalima na koo. Jembe pumzisha, sugu itaisha."

Akaagiza: anyamaze, anywe maji mara kwa mara, aache kujikohoza, aache mafuta ya taa kabla hayajamwua. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine akaniachia mimi nimweleze vizuri. Nikaeleza yote, bila kosa. Halafu Nyambura akaniuliza kwa ile sauti yake ya msumeno, "Na nikisalimiwa? Na mama mkwe wangu?" Nami, kwa ujuaji wangu, nikijiona mwenye huruma kuliko daktari, nikamjibu, "Ukilazimika, nong'ona tu."

Nong'ona tu! Neno ambalo Daktari hakulisema. Nililitoa wapi? Nililitoa palepale yule kijana wa Mwihoko alipolitoa, kwenye hewa, kwa sababu kila mtu hulisema.

Alirudi baada ya wiki nne. Alikuwa ametii kila kitu. Watoto aliwafundisha kwa kunong'ona, akijikamua ili wasikie hadi safu ya nyuma. Alimsalimu mama mkwe kwa kunong'ona. Wazee njiani, majirani kisimani, wote aliwanong'oneza kwa heshima zake zote. Daktari akaingiza kioo, akakitoa, akakifuta. Vinundu vilikuwa vimekua, na koo lote jekundu.

"Nani amemwambia anong'one?" akauliza.

Nyambura angeweza kuninyooshea kidole. Hakuninyooshea. Alitazama mikono yake, nami nikatazama viatu vyangu, na Daktari si mjinga.

"Njuguna," akaniita mimi. "Leo wewe nong'ona. Wagonjwa wote, nong'ona. Mpaka saa saba."

Nilinong'ona. Nilimnong'oneza mama mwenye mtoto anayelia, nikamnong'oneza mzee kiziwi wa Gatundu ambaye alidhani namsengenya. Kufika saa sita shingo ilikuwa imekaza, koo linawasha, na nilijikohoza mwenyewe bila kujua. Saa saba Daktari akaniambia nishike koo langu ninong'one kwa nguvu nisikie misuli inavyobana. Nikasikia. Unaponong'ona ili usikike mbali, unalikaba koo lako mwenyewe na kulisukumizia upepo. Hiyo kwa sugu si mapumziko, ni kazi nyingine.

"Wewe umeharibu," akasema, "wewe utatengeneza. Kesho Ruiru."

Muhula ulikuwa umebaki wiki tatu. Safari hii ilikuwa kimya kabisa, kimya cha kaburi, na kibao cha kuandikia shingoni kwa kamba. Nikapewa barua ya Daktari na pasi ya kusafiri, maana siku hizo Mkikuyu hakutoka Thika kwenda Ruiru bila karatasi, hata kama ni mwendo wa kuku.

Mwalimu mkuu aliisoma barua akaicheka. "Mwalimu bubu? Hapa ni shule, dresa, si makaburini."

"Mwalimu, mpe wiki tatu tu."

"Nitasimama mlingotini kama kawaida. Nisiposikia kitu kwenye lile darasa, afungashe."

Hivi ndivyo watu hujibu wakiambiwa mtu ni mgonjwa! Angekuwa na mguu uliovunjika wangemletea kiti. Koo halionekani, basi ni uvivu. Lakini Nyambura alikuwa na akili kuliko sisi sote. Kesho yake aliandika somo ubaoni, akapiga kofi mara moja, na watoto sabini wakasoma kwa pamoja. Akipiga makofi mawili, wavulana peke yao. Matatu, wasichana. Mwalimu mkuu alilisikia darasa lile mpaka akatoka mlingotini kwenda kuwaomba wapunguze. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Kwa mama mkwe sikucheka. Nilimkuta kwenye nyumba yake katika kile kijiji cha Hali ya Hatari, watu walikoswagwa na kuzungushiwa handaki, mlango mmoja tu wa kuingia na kutoka. Tulimwita Nyina wa Kariuki, yaani mama yake Kariuki. Hakuniambia niketi.

"Wewe ndiye umemfunza bibi ya mwanangu kiburi?"

"Mama, ni mgonjwa."

"Ananipita asubuhi kama anapita mti. Kijana yangu wamemchukua. Nimebaki na huyu. Na huyu hata salamu ananinyima?"

"Anakupa mkono, Mama. Mikono miwili."

"Mkono si salamu! Hata mbuzi hutoa mguu." Akajifunga leso vizuri. "Ijumaa nampeleka Murera. Kuna mzee wa wembe huko. Atamkata kimio, mambo yaishe."

Sasa hapo ndipo damu inanichemka hata leo, maana wembe huo sijui kama umepumzika. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Mtoto akikohoa, kikatwe. Sauti ikikwaruza, kikatwe. Nimefunga vitambaa kwa watoto waliokatwa kwa wembe uliokatia wengine kumi, damu haikatiki, mama analia mlangoni. Kimio kimemkosea nani?

Nilitaka kumfokea. Nikakumbuka kwamba miye pia nilikuwa fundi wa uongo, ila wangu haukuwa na wembe. Nikamwambia, "Mama, nakuomba kitu kimoja. Weka vidole hapa," nikamwonyesha mbele ya shingo. "Sasa funga mdomo useme mmm."

Alinitazama kama anayetaka kuniita mwendawazimu, lakini akafanya. "Mmm."

"Kuna kitu kinatetemeka?"

"Kinatetemeka."

"Sasa kimio kiko wapi?"

Akafungua kinywa, akaingiza kidole, akakigusa, akataka kutapika. Kisha akarudisha mkono shingoni akasema tena, "Mmm." Akarudia mara tatu.

"Sauti inakaa huku chini," nikasema. "Ukikata kule juu, utakuwa umekata mlango wa jirani."

"Ijumaa hatuendi," akasema mwishowe. "Lakini salamu yangu bado naidai." Nikaona hiyo inatosha, nikaaga.

Nilipofika kwenye mlango wa kijiji jua lilikuwa linashuka, na wanawake wanarudi kutoka kazi ya kuchimba handaki na ya shambani. Homugadi, hao askari wa kijiji, walikuwa wanaita majina, na kila mmoja anaitika "Niko!" ndipo apite. Nikasimama kando na pasi yangu mkononi.

"Nyambura wa Kariuki!"

Kimya.

"Nyambura wa Kariuki!"

Akajitokeza mbele, akainua kibao. Nilikiona: *Mimi mgonjwa wa koo. Daktari amekataza nisiseme.* Yule askari hakukisoma, sijui hakujua au hakutaka. Akakipiga kwa rungu, kikavunjika vipande viwili shingoni mwake.

"Nani amekulisha kiapo cha kunyamaza?"

Mnaelewa swali hilo lilikuwa na maana gani miaka ile? Kiapo ni kile cha Mau Mau, na watu walipotea kwa swali hilo. Wanawake wote wakatazama chini. Nyambura alikuwa na neno moja tu la kusema, "niko," neno fupi. Hakulisema. Askari akainua rungu tena.

Nami barua ya Daktari ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Andikeni hilo, kama mnaandika. Mkono ulikuwa juu ya mfuko na haukuingia, niliogopa, na sijawahi kujisamehe.

"Yuko!"

Sauti ilitoka nyuma yangu, kali, ya kupasua. Nyina wa Kariuki alikuwa anakuja mbio, leso inaburuta. Akajipenyeza mbele ya rungu.

"Yuko! Huyu ni wangu. Amekatazwa kusema na daktari, na mimi ndiye mdomo wake. Unataka sauti? Si hii? Yuko, yuko, yuko! Nirudie tena?"

Askari alikuwa kijana wa pale pale, labda alimjua tangu utoto. Alishusha rungu. "Basi utaitika wewe," akasema. "Kila asubuhi, kila jioni. Siku nikikosa sauti, namkamata."

"Nitaitika."

Na aliitika. Siku ishirini na moja, asubuhi na jioni, kwa hasira zake zote, maana alitaka kijiji kizima kisikie. Kisimani akisalimiwa Nyambura, anaitikia yeye. Njiani mzee akimwamkia Nyambura, anaitikia yeye. Jirani mmoja aliniambia baadaye kwamba kijiji hakikuwahi kupata mkaza mwana mwenye adabu na kelele nyingi kiasi hicho.

Mnaotafuta dawa ya chupa, hiyo ndiyo dawa niliyoiona ikifanya kazi. Maji. Kimya cha kweli, si cha kunong'ona. Kumeza mate badala ya kujikohoza. Kupiga makofi au kengele badala ya kubweka. Na mtu mmoja wa kukuitikia, kwa sababu peke yako dunia haitakuacha unyamaze. Mnawaambia wagonjwa "pumzisha sauti" na hamwulizi hata mara moja nani atasema kwa niaba yao!

Siku ya mwisho walikuja Thika pamoja, kwa basi la asubuhi. Nilipasha kioo, nikakijaribu mkononi, nikaushika ulimi kwa shashi. Daktari akachungulia, akachungulia tena. Kisha akaniita. Nyuzi zilikuwa safi, nyeupe. Pale palipokuwa na punje palikuwa na alama tu, kama mahali ulipong'oa mwiba.

"Eee," Daktari akasema. "Polepole."

"Eee," akasema Nyambura. Ilitoka laini. Nyembamba kidogo, na wembamba huo haukumtoka tena. Alirudi kufundisha, lakini noti za juu kanisani aliwaachia wengine, na wiki zangu nne za kunong'ona ndizo zilizozichukua. Mnaonisikiliza, hilo nalo liandikeni.

Alipotolewa kioo hakutushukuru, si Daktari, si mimi. Aligeuka kwenye kiti akamtazama mama mkwe aliyesimama mlangoni.

"Maitu," akasema, ndiyo kusema mama. "Umeamkaje?"

Nyina wa Kariuki akafungua mdomo kuitikia. Hakikutoka kitu. Akajikohoza, akajaribu tena, kikatoka kikwaruzo kama cha bawaba. Siku ishirini na moja za kuitika kwa watu wawili! Daktari Kilemba akaanza kucheka, akanionyesha kile kiti niandae. Mama mkwe machozi yanamtiririka, salamu aliyoidai imefika na hana cha kuirudishia. Basi akainama kwa Nyambura, akakusanya midomo, akaanza kunong'ona.

Nikaruka pale nilipokuwa nikamziba mdomo kwa kiganja changu, mimi, kijana mdogo, mama wa watu.

"Usinong'one, Mama," nikamwambia. "Nyamaza tu. Leo jioni ataitika yeye."